Mama Asiyelala Hata Mtoto Akilala

Siku ya 4 au ya 5 baada ya kujifungua, nyumba nyingi za Meru na Embu huwa hazikosi wageni. Njahi iko motoni, chupa ya uji imejaa, wanawake wa chama wamekuja kumwona mtoto, na mama mkwe ndiye mwenye zamu ya usiku. Katika pilkapilka hizo ni rahisi kutoona jambo moja: mzazi halali. Sisemi ule usingizi wa kukatizwa na kilio cha mtoto, maana huo ni wa kila mama. Nasema mtoto amelala, wageni wameondoka, taa imezimwa, naye yuko macho. Anakunja nguo za mtoto, anazikunjua, anazikunja tena. Anaongea harakaharaka kuhusu duka atakalofungua na kanisa atakalojenga. Au ameketi kitandani kimya, anasikiliza mlango. Asubuhi ukimuuliza, anakuambia hana uchovu wowote.

Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya yule anayelala chumba kimoja na mama huyo: mume, mama mkwe, dada, mama mzazi aliyetoka kwake kuja kusaidia. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hawezi kujitambua kwamba anaumwa. Asipoonwa na hao walio karibu, hakuna mwingine wa kumwona, kwa kuwa aliyejifungua salama huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku 1 au 2, nao ugonjwa huu huanza akiwa keshafika kwake.

Unaitwa saikosisi ya baada ya kujifungua. Huwapata kina mama 1 au 2 kati ya kila 1,000 wanaojifungua, popote duniani. Ukisikia hivyo utadhani ni ugonjwa adimu. Lakini hospitali inayozalisha wanawake 5,000 kwa mwaka itakuwa imewatoa mlangoni 5 hadi 10 watakaougua, na wote walionekana wazima walipokuwa wakivishwa leso kwenda nyumbani. Mara nyingi huanza ghafla, kati ya siku ya 3 na ya 10, na kwa wengi ndani ya wiki 2 za kwanza. Karibu nusu yao hawajawahi kuugua ugonjwa wowote wa akili maishani.

Kuna hali mbili nyingine ambazo watu huzichanganya na hii. Ya kwanza ni machozi ya siku za mwanzo: mama analia bila sababu ya maana, anakasirika upesi, kisha anacheka. Hali hiyo huwapata wengi, na huisha yenyewe ndani ya wiki 2 akipata usingizi, chakula na mtu wa kumbeba mtoto. Ya pili ni mfadhaiko baada ya kujifungua, ambao huja polepole zaidi. Mama hana furaha, hana hamu ya mtoto, anajiona hafai, na hali hiyo inadumu wiki baada ya wiki. Huo ni ugonjwa kamili unaohitaji matibabu. Ila mwenye mfadhaiko, hata akiwa ameumia vipi, kwa kawaida bado anajua yuko wapi, mtoto ni wa nani na leo ni siku gani. Mwenye saikosisi ameanza kuachana na ukweli huo. Anaamini mtoto alibadilishwa hospitalini. Anasikia sauti ambayo nyinyi hamuisikii. Anaona jirani aliyeleta uji ametia sumu, au anasema mtoto huyu ni malaika na anatakiwa kurudishwa kwa Mungu. Mkisikia maneno ya namna hiyo ya mwisho, msingoje hata saa moja.

Jambo linalowadanganya hata wahudumu wa afya ni kwamba ugonjwa huu hupanda na kushuka. Usiku wa manane mama alikuwa anazungumza na watu wasioonekana. Saa nne asubuhi, mbele ya afisa wa kliniki, anajibu maswali yote vizuri, anataja jina lake na la mtoto, anatabasamu. Anaambiwa amechoka tu, arudi nyumbani apumzike. Jioni mambo ni yale yale, au zaidi. Kwa hiyo nakushauri uandike. Chukua daftari lolote, hata nyuma ya kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, uweke saa na maneno yenyewe aliyosema: "saa nane usiku, amesema redio inamtaja jina, hajalala tangu juzi." Kisha umsomee daktari yale uliyoandika. Usiseme tu kwamba "hayuko sawa", kwa sababu neno hilo linaweza kumaanisha chochote, na zahanati yenye foleni ndefu italichukua kwa uzito mdogo kuliko unavyotaka.

Ukiwa na wasiwasi, muulize mwenyewe, kwa upole, mkiwa wawili. "Mwanangu, usiku umelala kidogo?" "Kuna sauti unazisikia?" "Unaogopa kitu chochote kuhusu mtoto?" "Umewahi kuwaza kujidhuru, au kumdhuru mtoto?" Watu wengi huogopa swali hilo la mwisho, wakidhani watamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Halimtii wazo lolote. Kama wazo lipo, umempa nafasi ya kulitua. Na akisema anaamini kitu kisichokuwepo, usibishane naye. Huwezi kumshinda kwa hoja, na ukimwambia anaongea upuuzi atakuhesabu miongoni mwa maadui. Mwambie: "Naona unaogopa. Niko hapa, siendi popote. Twende tukaonane na daktari akusaidie kulala." Kutolala ni shida ambayo hata yeye anaweza kukubali kwamba anayo.

Hapa nitofautishe kitu kimoja, kwa kuwa kuna kina mama watakaosoma haya na kushtuka. Wazazi wengi hupitiwa na picha mbaya kichwani: nikimwangusha mtoto je, kisu hiki kikimgusa je. Picha hizo humchukiza mama mwenyewe, humfanya amlinde mtoto kupita kiasi, naye anajua kabisa kuwa ni mawazo tu. Hiyo si saikosisi. Aeleze kliniki asaidiwe, bila hofu kwamba ataitwa mwendawazimu. Hatari iko pale mtu anapoamini kwamba jambo baya ndilo sahihi kufanya.

Sasa tuseme ukweli kuhusu kinachotokea katika vijiji vyetu. Mama akianza kusema maneno ya ajabu, Embu na Mbeere watu hutafuta ni kirumi, yaani laana, cha nani kilichomfuata, kuna mzee gani alikufa na kinyongo, mahari iliishia wapi. Kwingine watasema amerogwa na mke mwenza au na jirani aliyemshika mtoto. Watamwita mganga, watamwita mchungaji, atawekwa katika mfungo na maombi ya siku 3. Sina nia ya kumnyima mtu imani yake. Maombi yamewapa watu wengi nguvu ya kustahimili, na mchungaji aliyekubali kupanda gari pamoja na familia hadi hospitali amefanya kazi kubwa ya kichungaji. Ninachopinga ni kungoja. Kumfungisha njaa mama mwenye siku 6 tangu kujifungua, ambaye tayari halali, na kumkesheza usiku kucha kwa kelele, kunauongezea ugonjwa kile kile kinachoulisha. Mzazi anayevuja damu nyingi hapelekwi kesho. Na huyu vivyo hivyo. Wamwombee njiani.

Chanzo cha ugonjwa huu, kwa kadiri sayansi ilivyofika, kiko mwilini. Kondo la nyuma likitoka, homoni zilizokuwa juu kwa miezi 9 huporomoka kwa siku chache. Kwa wanawake wengi ubongo huhimili mporomoko huo. Kwa wachache hauhimili. Hatari ni kubwa zaidi kwa mama mwenye ugonjwa wa hisia mseto, yaani ule wa kupanda juu kwa furaha na nguvu kupita kiasi kisha kushuka chini kabisa: takriban mmoja kati ya watano wa hao huugua baada ya kujifungua. Iko juu pia kwa yule ambaye mama yake au dada yake aliugua baada ya uzazi, na kwa anayejifungua mara ya kwanza. Kukosa usingizi huwasha moto ulioko tayari. Kwa hiyo mama wa Igembe au Mbeere aliyezoea kutafuna miraa au muguka ili asisinzie aache kabisa wiki hizi, na kama ametafuna, daktari aambiwe bila kufichwa. Lakini asije mtu akamlaumu mama kwamba alijiletea. Hakujiletea, wala hakulelewa vibaya, wala si dhaifu.

Usiku ule mnapogundua, fanyeni hivi. Mtoto achukuliwe na mtu mwingine mzima, alale naye chumba kingine, aletwe kunyonya mbele ya mtu kama mama yuko katika hali ya kuweza. Mama asiachwe peke yake hata kwenda chooni, na asiachwe peke yake na mtoto hata dakika 5, ingawa amekaa kimya na anaonekana mtulivu. Panga, visu, kamba na dawa za kunyunyizia kahawa au mboga viondolewe pale alipo; kisima na tangi la maji vifunikwe. Msimfunge kamba, wala msimfungie ndani. Kumfunga kunamthibitishia kwamba mnataka kumuua, na kunamwachia kovu ambalo dawa haziondoi. Redio izimwe, wageni waombwe warudi kwao, wabaki watu 2 au 3 anaowaamini.

Kuhusu usafiri: boda boda hapana. Mama aliyechanganyikiwa anaweza kuruka kutoka kwenye pikipiki ikiwa katika mwendo. Tafuteni gari, na Proboksi ya jirani inatosha. Akae katikati ya watu wawili kiti cha nyuma, milango ikiwa imefungwa, na mtoto ashikwe na mtu wa mbele. Chukueni kitambulisho chake, kijitabu cha kliniki, karatasi za hospitali alikojifungulia na kila dawa anayotumia, hata za kienyeji. Mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chenu apigiwe simu; ni kazi yake kujua nani kajifungua wapi, na anaweza kuongea na hospitali kabla hamjafika. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba ya bure ya ushauri, 1199, ambayo inaweza kumsaidia aliye nyumbani kupanga la kufanya. Namba hiyo lakini haichukui nafasi ya daktari.

Wengi wakisikia habari za ugonjwa wa akili hufikiri moja kwa moja Mathari, ile hospitali ya Nairobi iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, na hofu ya jina hilo huwafanya wamfiche mgonjwa nyumbani. Si lazima mfike huko. Aliye Siakago, Kiritiri, Runyenjes au Kianjokoma aelekee hospitali ya rufaa ya Embu; aliye Nkubu, Timau au Mikinduri aelekee ile ya Meru. Aliye mbali, tuseme Mutuati au Ishiara, aanzie hospitali iliyo karibu ambapo daktari yupo usiku, atulizwe, apimwe, kisha apewe rufaa kwa gari la wagonjwa. Mkifika, msikae kwenye benchi pamoja na wenye kikohozi. Mwambieni muuguzi wa mapokezi: "Amejifungua siku 6 zilizopita, hajalala siku 3, anaona na kusikia vitu. Ni dharura."

Kabla ya lolote la akili, ombeni apimwe mwili. Hili nalisisitiza kwa sababu mama akishaitwa mwendawazimu, hakuna anayemwekea tena kipimajoto. Maambukizi ya tumbo la uzazi huleta homa, nifasi yenye harufu mbaya, na yakipanda humfanya mtu apayuke. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua: shinikizo la damu liko juu, kichwa kinauma sana, macho yanaona nyota, kisha degedege. Malaria kali huvuruga akili, na mama wa Mbeere ya chini anaishi palipo na mbu. Sukari kushuka, damu kupungua, tezi ya shingo kwenda kombo, damu kuganda kwenye mishipa ya ubongo, maambukizi ya HIV yasiyotibiwa: yote haya yanaweza kuvaa sura ya wazimu. Kwa hiyo joto, shinikizo, sukari, malaria, kiwango cha damu na mkojo ni vipimo vya kudai, na vingi kati ya hivyo hupatikana hata kwenye kituo kidogo.

Magonjwa hayo ya mwili yakishaondolewa, matibabu huanza, tena mara nyingi akiwa amelazwa. Kazi ya kwanza ni usingizi. Daktari atampa dawa ya kumtuliza kwa siku chache, pamoja na dawa ya saikosisi yenyewe: olanzapini, risperidoni, au haloperidoli ambayo ni ya zamani na hupatikana kwa urahisi. Wengine huongezewa lithiamu, dawa yenye sifa kubwa katika ugonjwa huu, lakini inataka damu ipimwe mara kwa mara, kwa kuwa ikizidi mwilini ni sumu. Katika jiji la Rotterdam, Uholanzi, madaktari waliwatibu wanawake 64 kwa mpango wa hatua: kwanza dawa ya usingizi, kisha ya saikosisi, kisha lithiamu kwa aliyeihitaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: 63 kati yao walipona kabisa kwa hatua hizo. Mume aliyeketi nje ya wadi akijiuliza kama mke wake ameshapotea, ajue hesabu hiyo. Ugonjwa huu unatisha kuliko karibu wote wa akili, na ni miongoni mwa inayopona vizuri zaidi.

Kuna tiba nyingine ambayo watu huitetemekea, ya umeme. Mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa ya nusukaputi, misuli ikalegezwa, kisha ubongo ukapitishiwa mkondo mfupi. Hutumika pale dawa zimeshindwa, au mama amegoma kula na kunywa, au hatari ya kujiua ni kubwa mno kungoja dawa zifanye kazi. Hufanya kazi upesi. Daktari akiipendekeza, ulizeni maswali, msikimbie.

Sasa jambo dogo linaloharibu matibabu mengi. Haloperidoli, hasa ya sindano, inaweza baada ya saa chache au siku chache kumkaza mgonjwa misuli. Shingo inapinda upande, taya linafunga, ulimi unakuwa mzito, macho yanatazama juu na kubaki huko. Ukiiona mara ya kwanza, tena usiku, utaapa kwamba ni pepo, au kwamba hospitali imempa sumu. Familia nyingi hapo ndipo humtorosha mgonjwa na kutupa dawa. Ni madhara ya dawa yanayojulikana sana, na yanaondoka ndani ya muda mfupi kwa sindano au kidonge cha kulegeza misuli, ambacho hapa kwetu mara nyingi ni benzheksoli. Rudini hospitali mara moja, waambieni "dawa imemkaza shingo." Atapunguziwa dozi au kubadilishiwa dawa. Mkijua haya kabla ya kutoka wadini, hamtayumba.

Kunyonyesha ni swali ambalo kila bibi huuliza kwanza. Dawa kadhaa, olanzapini ikiwemo, hupita kidogo tu kwenye maziwa, na mama anaweza kunyonyesha huku mtoto akiangaliwa kama anasinzia kupita kawaida au hanyonyi vizuri. Kwa lithiamu madaktari wengi hushauri asinyonyeshe. Mama aliyelewa dawa asilale kitanda kimoja na mtoto, kwani anaweza kumlalia asisikie. Na ikiamuliwa asinyonyeshe, maziwa yakamuliwe kidogo kidogo matiti yasijae na kuvimba, naye mtoto apewe maziwa ya watoto wachanga ya dukani kwa maji yaliyochemka, si ya ng'ombe. Gharama yake ni kubwa. Zungumzeni na afisa wa lishe wa hospitali mapema, na chama na kanisa waelezwe kwamba mchango unaohitajika wiki hii ni mkebe wa maziwa. Hakuna mama aliyepungukiwa umama kwa kuwa mtoto alinyweshwa kwa kikombe wakati yeye anatibiwa uhai wake.

Katika wodi zetu nyingi mama hulazwa bila mtoto. Kwa hiyo nyumbani pawe na mtu mmoja mwenye jukumu la mtoto, mmoja, si sita wanaopokezana, na hospitali iombwe mtoto aletwe kumwona mama mara anapotulia. Gharama nazo zisiwakute ghafla: mjamzito ajiandikishe na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, kabla ya kujifungua, kwa *147# au kwa wakala, na ahakikishe michango iko sawa, kwa kuwa bima hiyo inagusa pia matibabu ya akili.

Mama anapokataa matibabu na hali ni ya hatari, Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, inaruhusu mume au jamaa kuomba alazwe. Sheria hiyo hiyo inataka atendewe kwa heshima. Tena, kuna jambo zito ambalo ni afadhali lijulikane kuliko lisijulikane. Ikitokea msiba, mtoto akafa mikononi mwa mama aliyeugua, kifungu cha 210 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatambua kwamba mwanamke anaweza kumuua mtoto wake wa chini ya miezi 12 akili yake ikiwa imevurugika kwa sababu ya uzazi au kunyonyesha. Haadhibiwi kama muuaji wa kukusudia. Wakili na daktari wa akili waitwe siku ya kwanza, kabla hajaandika maelezo yoyote. Na aliyejaribu kujiua asifichwe kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226, kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba. Mpelekeni hospitali.

Mama hutulia ndani ya wiki chache, na nguvu kamili hurudi baada ya miezi. Hapo ndipo makosa makubwa hufanyika. Anaonekana mzima, anacheka, anapika, na mtu anasema dawa za nini tena. Dawa zikiachwa ghafla ugonjwa hurudi, mara nyingi ukiwa mkali zaidi. Huendelea kwa muda ambao daktari ataupanga, pengine miezi mingi, na huachwa polepole chini ya uangalizi wake. Tena saikosisi ikiisha, wengi huangukia mfadhaiko: anakumbuka vipande vya aliyoyasema, anaona aibu kwa mkwe, anahisi amempoteza mtoto siku zile. Anahitaji kuambiwa kwa maneno yaliyo wazi kwamba alikuwa mgonjwa, na kwamba hakuna anayemdai chochote.

Wanaume, haya yanawahusu. Usimrudishe kwao. Najua shinikizo linavyokuja: mjomba anasema ukoo ule una wazimu, dada zako wanataka mahari irejeshwe, wazee wanaitwa. Mke aliyerudishwa kwa wazazi katika hali hiyo hukatizwa dawa, hutenganishwa na mtoto, na hubaki na jina la mwendawazimu maisha yake yote kwa ugonjwa ambao ungepona. Nenda naye kliniki tarehe iliyoandikwa. Dawa zihifadhi wewe. Na usiku, wewe ndiye wa kuamka: mtoto akilia saa nane, mama aliyetoka kuugua asiguswe, kwa kuwa saa 6 au 7 za usingizi mfululizo kwake ni dozi sawa na ile ya kidonge. Wanawake wenzake wa chama na wa kanisa wamwite kwenye mikutano kama zamani na kumpa kazi aliyokuwa nayo, hata kama ni ya mweka hazina.

Aliyewahi kuugua hivi anaweza kuugua tena akijifungua. Uwezekano uko kati ya theluthi moja na nusu. Hilo halimaanishi asizae tena. Lina maana kwamba mimba ipangwe. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito aandike wazi katika kijitabu kwamba mama huyu aliugua saikosisi, ili anayemzalisha asiambiwe na majirani. Ajifungulie hospitali yenye daktari, abaki wodini siku kadhaa, na dawa ya kinga ianze mara tu baada ya kujifungua ikiwa daktari ameona inafaa. Asiache dawa ghafla kwa kusikia tu kwamba ni mjamzito. Lakini kama anatumia valproeti, dawa inayotolewa sana kwa kifafa na kwa hisia mseto, ajue kwamba inaweza kumlemaza mtoto angali tumboni, tena mapema, kabla mama hajajua ana mimba. Inatakiwa ibadilishwe kabla. Kwa hiyo mazungumzo na daktari yafanyike mama angali anatumia uzazi wa mpango, mume akiwa ameketi hapo hapo, na si katika ziara ya miezi 7.